Tangu Lini? Mtoto wa Kiume katika Historia ya Kariakoo

Katika sura ya 9 ya Injili ya Marko, baba mmoja anamleta mwanawe kwa Yesu. Kijana huyo ni bubu, huanguka chini na kutokwa na povu, na mara nyingi ametupwa motoni na majini. Wahubiri wengi hukimbilia mwisho wa kisa, pale baba anapolia na kuungama imani yake pamoja na kutokuamini kwake. Sisi tungependa kusimama kwanza kwenye aya ya 21, ambayo mara nyingi hupitwa. Kabla ya kuponya, Yesu anauliza swali la mwanahistoria: jambo hili limempata tangu lini? Na baba anajibu kwamba ni tangu utoto.

Tumeandika makala hii tukiwa na swali hilo mkononi. Kila wachungaji wa jiji wanapokutana, mazungumzo hayakawii kufika kwa vijana wa kiume: wamepungua ibadani, wameacha Kipaimara katikati, wamejaa vijiweni. Siku hizi limezuka na neno jingine, kwamba mtoto wa kike ametetewa hata mtoto wa kiume akasahauliwa. Neno hilo lina uchungu wa kweli ndani yake, lakini kwa historia si sahihi. Aliyotendewa mtoto wa kike yalikuwa haki yake, na bado hajalipwa yote. Tena mtoto wa kiume wa Kariakoo hakusahauliwa hata siku moja. Kwa zaidi ya miaka mia moja ametazamwa na serikali, na wafanyabiashara, na polisi, na Kanisa pia. Walimtazama kama mgongo wa kubebea mzigo, au kama hatari inayopaswa kuondolewa barabarani. Jambo ambalo halikutazamwa ni kwamba anaumia.

Watoto waliokombolewa

Sisi Walutheri wa pwani tunayo sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Mmisionari Johann Jakob Greiner alifika Dar es Salaam mwaka 1887. Vita vya Abushiri vilipoanza mwaka uliofuata, na manowari za Kijerumani zikawa zinakamata majahazi ya watumwa, waliokombolewa walikabidhiwa kwa misheni, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Kituo cha Kisarawe, kilichoanzishwa mwaka 1892, kilipokea watu wa namna hiyo. Kwa hiyo katika mwanzo wa usharika wetu katika sehemu hizi walikuwapo watu wasio na ukoo, watoto waliopotelewa na baba, mama, na pengine hata jina walilopewa walipozaliwa.

Katika historia za Kanisa tunazofundishia vyuoni, watoto hao hutajwa kwa idadi yao na kwa ubatizo wao. Hatusomi kama mvulana wa miaka minane aliyetolewa jahazini alipata usingizi usiku, wala alimlilia nani. Hatuwalaumu waliowapokea, waliwapa chakula, nguo na Neno la Mungu, na hayo si madogo. Twasema tu kwamba ukimya huo ni wa zamani, na kwamba ulianzia nyumbani mwetu kabla haujaanzia sokoni.

Jina la mtaa

Kila mkazi wa Dar es Salaam anajua, au aliwahi kuambiwa, kwamba Kariakoo ni Kiingereza kilichotafunwa na ndimi zetu: ni jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Waingereza waliuteka mji mwezi wa Septemba 1916. Wapagazi wao wakapiga kambi katika eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamekwisha kulipanga kuwa mji wa Waafrika, na jengo ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga huko likatumiwa na jeshi kabla halijawa soko mwaka 1923. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi.

Mwaka 1927 ilisimamishwa katikati ya mji Sanamu ya Askari. Maandishi yaliyo chini yake yanawakumbuka na wapagazi. Lakini aliyesimama juu, wa shaba, ni mtu mwenye bunduki. Tunapowapeleka wanafunzi wetu kuitazama sanamu hiyo huwauliza: aliyebeba mzigo yuko wapi? Nao hutafuta, kisha husema yuko kwenye maandishi. Mvulana wa mjini aliyepita pale kila siku, asiyejua kusoma, alijifunza kwa macho yake ni mwanamume wa namna gani anayestahili kukumbukwa.

Jina, basi, ni la mzigo, na mtaa ukaendelea kuishi kama jina lake. Chini ya Waingereza mji uligawanywa: Uzunguni ng'ambo ya mashariki, Uhindini katikati, na Kariakoo upande wa magharibi, uwanja wa Mnazi Mmoja ukiwa mpaka. Ndani ya Kariakoo kulikuwa na nyumba za Kiswahili za vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, familia nzima ikipanga chumba kimoja. Mwanamume mzima mwenye mke na watoto, aliyepika au kufua Uzunguni, aliitwa "boi". Mwanawe aliyemfuata kumsaidia jikoni aliitwa "toto". Baba alinyimwa utu uzima wake, na mwana akanyimwa utoto wake kwa kupewa kazi, na hayo yote yalifanyika kwa maneno mawili mafupi. Jioni baba yule alirudi chumbani. Alimletea mwanawe mshahara mdogo na hasira ambayo hakuweza kuiacha kazini, na sidhani kwamba twahitaji hati za serikali ili kuliamini hilo.

Lazima tutaje na jando. Wazaramo, wenyeji wa nchi hii, walikuwa na utaratibu wa kumtoa mvulana utotoni kwa mikono ya wazee, katika kundi la wenzake, pamoja na mafundisho na nyimbo. Jando lilimfundisha kutolia, hilo ni kweli, na hatutaki kulipamba. Lakini lilimfundisha akiwa amezungukwa na watu: maumivu yake yalikuwa na siku yake, mahali pake na mashahidi wake. Mjini kisu kilibaki, hospitalini au kwa ngariba, na mkusanyiko ukapungua. Wataalamu nao wameandika zaidi juu ya binti; kitabu cha Marja-Liisa Swantz cha mwaka 1970 juu ya ibada za Wazaramo, ambacho wengi wetu tumekisoma, kimemweka mwali katikati. Kanisa kwa upande wake lilitaka kuweka Kipaimara mahali pa jando. Katika Kipaimara tukafundisha Amri Kumi, Imani na Sala ya Bwana, na tukafanya vema. Lakini nani alimwuliza mvulana anaogopa nini?

Mhuni

Katika sensa ya mwaka 1948 Dar es Salaam ilikuwa na watu 69,227. Mwaka 1957 walikuwa 128,742. Mji karibu uongezeke mara mbili katika miaka tisa, na ongezeko hilo lilikuwa na wavulana wengi waliokuja kwa miguu, kwa gari moshi, au wakimfuata ndugu. Walibeba vikapu vya wanunuzi sokoni, wakauza vitu vidogo vidogo, wakalala walipopata. Jioni waliopata senti waliingia sinema, wakatoka wakitembea kama kauboi wa Marekani waliowaona kwenye filamu. Serikali ikapata neno moja la kuwakusanya wote, nalo neno lenyewe ni letu: wahuni.

Neno hilo lilipewa nguvu ya sheria. Sheria ya Watoto na Vijana ya mwaka 1937 iliruhusu mtoto aliyehukumiwa apigwe viboko. Mwaka 1944 ikaja sheria ya kuwaondoa mijini wenyeji "wasiotakiwa", ambayo kwayo mtu asiye na kazi aliweza kukamatwa na kurudishwa kwao. Mvulana aliyekimbia njaa, au baba wa kambo, au fimbo za shule, alirudishwa kwenye jambo lile lile alilolikimbia, na hakuna aliyelazimika kumwuliza ni jambo gani. Wengi walirudi mjini baada ya majuma machache. Watawala waliona katika hilo ushahidi wa ukaidi wao.

Uhuru ulibadili mengi, lakini tabia hii haikubadilika sana, na sisi raia wa nchi huru tuseme hivyo bila kuficha. Mwaka 1976 kulikuwa na operesheni ya kila mtu afanye kazi. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, na msako wake katika Dar es Salaam haujasahauliwa na waliouona. Nia ya viongozi haikuwa ile ya wakoloni; walitaka kila mtu ale jasho lake, na kijiji cha Gezaulole, upande wa Kigamboni, kilikusudiwa kuwapa vijana wa mjini ardhi na heshima. Hata hivyo gari la msako ni gari la msako kwa aliyepandishwa humo akiwa na miaka kumi na mitatu. Baadaye jina lenyewe likageuka: leseni za wafanyabiashara wadogo zikaitwa za nguvu kazi. Soko jipya la Kariakoo, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, lilikuwa limekwisha kufunguliwa mwaka 1975, na lilivutia mizigo zaidi na migongo zaidi. Hadi serikali ilipoipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Juni 2019, mvulana mwenye bunda la mifuko mkononi alikuwa sehemu ya soko kama nguzo zake.

Wavulana waliosemewa, na waliosema

Miaka ya 1980 na 1990 ilileta ada za shule, mishahara isiyotosha na vifo vya UKIMWI, na neno "watoto wa mitaani" likaingia magazetini. Mwaka 1992 Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll alianzisha Kituo cha Dogodogo jijini kwa ajili ya wavulana hao. Tukiri kwamba ndugu zetu Wakatoliki walitutangulia, ingawa makanisa yetu yalikuwa karibu na soko kuliko ya wengi. Mwaka 2008 kilitoka kitabu ambamo wavulana wa Dogodogo walisimulia maisha yao wenyewe. Kwa mwanahistoria kitabu hicho ni tukio. Mvulana wa mjini, aliyekuwa ameandikwa katika mafaili ya polisi kwa miaka tisini, hapo ni msimulizi.

Kutoka Mwanza, ambako shirika la Kuleana lilifanya kazi na watoto wa mitaani tangu mwanzo wa miaka ya 1990, yalikuja maandishi mazito zaidi. Watafiti walieleza kwamba wavulana wakubwa waliwaingilia kwa nguvu wavulana wadogo usiku, kama njia ya kuwatiisha na kuwaingiza katika kundi, na kwamba aliyetendewa hivyo mara nyingi alimtendea mwingine baadaye. Twajua kwamba jambo hili haliandikwi kwa urahisi katika jarida la Kanisa. Lakini anayetaka kuhudumu katikati ya jiji bila kulijua atahudumu kama kipofu. Mvulana asiyetaka kuvua shati kwenye kambi ya vijana, anayeruka akiguswa bega, anayepigana bila sababu, pengine ana sababu.

Utafiti wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na matokeo yake kutolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu, wa kike kwa wa kiume, walipigwa ngumi, mateke, au kwa namna nyingine. Tena, kati ya waliotendewa ukatili wa kingono, wasichana kama nusu walimwambia mtu. Wavulana walikuwa kama theluthi moja tu. Ukimya wa yule mtoto wa jahazini una takwimu sasa.

Sheria yenyewe imesaidia kuutunza ukimya huo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilikuja kwa ukali unaostahili, lakini kosa la kubaka imelieleza kuwa ni la mwanamume kumwingilia msichana au mwanamke. Aliyetendewa akiwa mvulana huangukia katika kifungu cha makosa ya kinyume cha maumbile, na kifungu hicho humtaja kuwa mkosaji hata yule anayeruhusu kutendewa. Adhabu kwa anayemtenda hivyo mtoto ni kali sana, hatukatai. Lakini mvulana wa miaka kumi na minne hasomi adhabu, husikia jina. Akisikia kwamba jambo lililompata lina jina moja na dhambi ambayo mhubiri huilaani madhabahuni, atafunga kinywa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, iliyofuta ile ya 1937 baada ya miaka 72, imemtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na ipo namba ya simu ya kumsaidia mtoto, 116. Wachungaji wangapi tumewahi kuitangaza namba hiyo baada ya matangazo ya ndoa?

Badala yake twatangaza hofu. Mwanzoni mwa mwaka 2015 jiji lilitikisika kwa habari za kundi la Panya Road. Watu walifunga maduka na kukimbia, na vijana kwa mamia wakakamatwa. Mwaka 2022 jina hilo lilirudi, na baadhi ya watuhumiwa waliuawa na polisi. Waliojeruhiwa na kuporwa walikuwa watu halisi, na kilio chao ni cha haki. Lakini angalieni jina: panya. "Mhuni" alikuwa angali mtu.

Fimbo

Hapa wengi watatupinga, nasi tumezoea. Fimbo ya shuleni ingali halali nchini. Kanuni za mwaka 2002 zimeiwekea mpaka wa viboko vinne, na zimeagiza kwamba msichana achapwe na mwalimu wa kike anapokuwapo. Kwa mvulana hakuna sharti la namna hiyo. Katika sharika zetu wapo walimu wa shule ya Jumapili wanaoshika fimbo na kutaja Mithali.

Martin Luther alikuwa mvulana aliyepigwa. Katika mazungumzo yake ya mezani, yaliyoandikwa na wanafunzi wake, alisimulia kwamba mama yake alimchapa kwa sababu ya kokwa moja hata damu ikatoka, na kwamba shuleni aliwahi kuchapwa mara kumi na tano asubuhi moja kwa kushindwa somo ambalo hakuwa amefundishwa. Alisema wazazi wake walimtakia mema, lakini ukali ule ndio uliomsukuma kuingia utawani. Alikuwa mtu mzima mashuhuri alipoyasema hayo, na hakuwa ameisahau kokwa. Sisi hufundisha hofu ya Luther mbele ya Mungu kama sura ya teolojia, tangu dhoruba ya Stotternheim mwaka 1505 hadi kugunduliwa kwa neema. Hatusemi kwamba Matengenezo yalitoka kwenye kiboko. Huo ungekuwa upuuzi. Twasema kwamba aliyefundisha habari za Mungu mwenye neema alijua kwa mwili wake jinsi mtoto anavyojifunza kumwogopa baba. Naye Mtume Paulo, akiwaandikia Wakolosai, anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao wasije wakakata tamaa. Kukata tamaa: Paulo alikuwa anazungumzia moyo wa mtoto.

Na sisi wenyewe hatuna pa kujificha. Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika mmoja wa jijini, tulimzika mbeba mizigo wa soko. Mwanawe wa kwanza alikuwa na miaka kama kumi. Kaburini alilia kwa sauti, nasi tukaweka mkono juu ya kichwa chake, tukamwambia ajikaze, yeye sasa ndiye baba wa nyumba. Wazee wa kanisa waliitikia. Mtoto alinyamaza palepale, na tuliliona hilo kuwa faraja iliyofanya kazi. Mwaka wa tatu baadaye alikuwa katika darasa letu la Kipaimara, hasemi, mtoro. Tulimwandikia barua mama yake juu ya utoro. Ilikuwa shangazi yake aliyetueleza, kwa heshima na bila kutulaumu, kwamba tangu siku ya mazishi hajaonekana akilia, na kwamba usiku anapiga ukuta kwa ngumi. Hakumaliza Kipaimara. Twasikia anasukuma mkokoteni upande wa Gerezani.

Tangu siku hiyo tumesoma Mwanzo 21 kwa namna nyingine. Hajiri amemweka kijana chini ya kichaka, akaketi mbali asimwone akifa, na maandiko ya Kiebrania yanasema ni yeye, mama, aliyepaza sauti na kulia. Aya inayofuata inasema Mungu alisikia sauti ya kijana. Watafsiri wa kale wa Kiyunani waliona mgongano, wakaandika kwamba mtoto ndiye aliyelia. Sisi twapenda Kiebrania kama kilivyo. Kijana hakusikika na mtu yeyote, hata na msimulizi.

Wanafunzi wetu wanaotafuta mada za tasnifu hutuuliza kama bado kuna la kuandikwa juu ya Dar es Salaam. Wapo wazee, wachache sasa, waliobeba vikapu katika soko la zamani wakiwa watoto miaka ya 1950, na wengine waliopandishwa magari ya msako mwaka 1983. Wamo katika sharika zetu. Huketi nyuma, na huitwa wazee wakimya. Zimo pia daftari za Kipaimara katika makabati ya ofisi za sharika, zenye safu ya maelezo ambamo mbele ya majina ya wavulana imeandikwa neno moja tu, "ameacha". Daftari hizo zinaliwa na mchwa, na wazee wale wana miaka themanini na zaidi.